Vidole Vitatu: Maisha ya Isaiah Kiptum arap Tonui, 1941–1997

Wachungaji mlio mbele yetu, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Longisa, wafanyakazi wa mashamba ya chai na wa kiwanda, majirani na nyote mliovuka matope kufika hapa Mogogosiek leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 1997, nawasalimu kwa niaba ya familia. Mimi ni Nelvine Chepngeno, mtoto wa pili wa marehemu, daktari wa meno, na nimepewa nafasi ya kusoma historia ya baba yangu baada ya mjadala ambao sina haja ya kuuficha, kwa sababu jikoni kwetu ni mabati matupu na wengi wenu mliusikia mkiwa nje. Baba Mdogo Kipyegon, ambaye ameketi hapa mbele na ambaye namheshimu, alishauri historia isomwe na mwanamume, iwe fupi, na ikifika kwenye ugonjwa iseme tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu ndiye alimkata, huyu ndiye atasoma," na mjadala ukaisha.

Nasema haya mapema ili mtu asikae akinyoosha shingo kungoja. Tangu Jumanne imesemwa kwenye kituo cha kununulia majani, na hata kwenye foleni ya kutupa pole, kwamba mkono uliomkata Isaiah ndio uliomuua, na wengine wameongeza kwamba mtoto hawezi kumwaga damu ya baba yake mambo yakaenda sawa. Mkono wenyewe ndio huu ulioshika karatasi hii. Nitasoma yote na tarehe zake, ninyi mtahukumu mkishasikia, na kama nikimaliza kuna mzazi ambaye hatamleta tena mtoto wake kwangu, nitamwelewa.

Marehemu Isaiah Kiptum arap Tonui alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa hapa Mogogosiek, upande wa chini karibu na mto, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kiptonui na Kogo Taplelei, nyanya yetu, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo, ingawa hakuna mama anayestahili kukalishwa kiti cha mbele kwenye mazishi ya mwanawe. Miaka hiyo mtoto akifika umri wa kama miaka kumi aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini, na wazee hawakuifanya sababu yake kuwa siri, walisema siku taya la mtu likijifunga kwa ugonjwa, apate kunyweshwa maziwa na dawa kupitia pengo hilo. Mwaka wa 1951 zamu ya marehemu ilifika, lakini alikuwa ameanza shule ya misheni na mwalimu alikuwa amekataza, kwa hivyo alipomwona mzee mwenye chuma akikaribia boma alikimbia, akajificha kwenye shamba la wimbi hadi jua likatua. Meno yake yakabaki yote, na jina la mwoga likabaki nayo.

Jina hilo alilibeba miaka mitano. Alipotahiriwa Desemba 1956, walioshuhudia wanasema hakupepesa jicho wala kukunja kidole cha mguu, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemsikia akitamka kwamba anaumwa. Mama anakumbuka mwaka wa 1978 boriti ya ghala ilipomwangukia ikamvunja mfupa wa bega, yeye akaingia ndani, akaomba chai, akainywa yote, ndipo akauliza kama kuna mtu wa kumpeleka hospitali. Tulikua tukicheka kisa hicho, nami nilikicheka kuliko wote, na leo nakitaja nikiwa sicheki.

Masomo ya msingi aliyapata kwenye shule ya misheni kati ya 1950 na 1957, akaendelea Kabianga hadi mwaka wa 1961, kisha akajiunga na mafunzo ya uuguzi, akafanya kazi katika zahanati mbili, na kutoka 1970 hadi 1973 alifunzwa kazi ya meno Nairobi. Alipoulizwa kwa nini meno na si kazi nyingine, alikuwa akijibu kwamba meno yalimfukuza mbio akiwa mtoto na alitaka kujua yalikuwa yanataka nini.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Edinah, tarehe 17 Aprili 1965 katika kanisa la hapa, ambalo wakati huo lilikuwa la udongo, na wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu Weldon aliyezaliwa 1967, mimi 1970, na mdogo wetu Chelangat 1973. Alikuwa baba wa maneno machache na macho makali, hakutuchapa sana, lakini alikuwa na tabia ya kumkagua mtoto kinywa kabla hajamsalimu, na ukirudi kutoka shule ya bweni ulifungua mdomo mlangoni ndipo ukaambiwa karibu.

Kazi yake kubwa ilianza Januari 1974, alipoajiriwa katika zahanati ya kampuni ya chai ambayo sitaitaja jina, na huko alikaa miaka ishirini na miwili. Wengi wenu mlipita kwenye kiti chake, kwa hivyo sitawasimulia koleo lake, mnalikumbuka wenyewe. Ninayotaka kueleza ni kazi ya magego ya mwisho, yale ambayo huota mtu akiwa mtu mzima, na mara nyingine hukosa nafasi yakalala ubavu ndani ya mfupa kama mbwa mlangoni, hayatoki wala hayapishi, na chini yake uchafu unajikusanya hadi shavu linavimba. Gego kama hilo halitolewi kwa koleo peke yake, ni lazima ufizi upasuliwe, mfupa uondolewe kidogo, na pengine jino ligawanywe vipande viwili, kisha ufizi ushonwe.

Kwa miaka mingi marehemu aliuondoa mfupa kwa patasi na nyundo ndogo, jinsi alivyofunzwa, huku Owino Ogada, mfanyakazi mwenzake ambaye tunaye hapa, akishika taya la mgonjwa lisicheze. Machi 1991 zahanati ililetewa mashine ya kukata mfupa, na daktari wa meno aliyekuwa akija kutoka mjini mara moja kwa mwezi akamfunza kuitumia. Vijana wa zahanati walitaka patasi zitupwe siku hiyo hiyo, wazee wa kambi za wafanyakazi walitaka mashine irudishwe kwa sababu ya kelele, na marehemu hakuwa upande wowote, alisema kitu kipya si kizuri kwa kuwa ni kipya, na cha zamani vilevile. Tarehe 6 Mei 1991 alifungua daftari kubwa la jalada la buluu, akachora mistari kwa rula, akaanza kuandika kila mgonjwa wa gego la mwisho, jina, tarehe, njia iliyotumika, uvimbe, ukubwa wa kufungua mdomo, maumivu, na siku aliyorudi kazini.

Uvimbe aliupima kwa uzi wenye mafundo, kutoka pembe ya mdomo hadi ncha ya sikio, kabla ya kukata na siku ya tatu baada ya kukata. Mdomo aliupima kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe. Na hakuwangoja wagonjwa waje, siku ya tatu na siku ya saba yeye na Owino walikwenda kwa miguu kambini, nyumba kwa nyumba, na hata mwaka wa 1992, wakati wa vurugu, ambapo mtu wa kabila hili aliogopa kupita kwenye nyumba za kabila lile, walikwenda wawili wakiwa wamevaa makoti meupe, Baba akitangulia wakiingia kwetu na Owino akitangulia wakiingia kwao.

Katika matembezi hayo ndipo marehemu aliona jambo ambalo vitabu havikumwambia. Wafanyakazi waliotoka upande wa ziwa walisema wazi wanaumwa wapi na kiasi gani, lakini wanaume wetu, mmoja baada ya mwingine, walijibu kwamba wako sawa, wakijibu kwa meno yaliyofungwa. Owino alimwambia, "Daktari, hawa watu yako wanasema hakuna uchungu, lakini ugali wanaangalia tu." Tangu siku hiyo Baba hakumwuliza tena mwanamume kama anaumwa, alisema kumwuliza Mkipsigis swali hilo ni kumwomba akudanganye kwa heshima, na ile safu ya maumivu aliijaza kwa wanawake na kuiacha tupu kwa wanaume. Badala ya kuuliza alisema, "Fungua. Weka vidole tatu, moja juu ya ingine." Vikiingia vitatu mtu anapona, vikiingia viwili aangaliwe tena kesho, kikiingia kimoja aende hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Mdomo, alikuwa akisema, haujui ujasiri.

Hadi alipostaafu alikuwa ameandika watu sitini na saba, thelathini na wanane kwa patasi na ishirini na tisa kwa mashine, na naomba mnivumilie niseme alichokiona, kwa sababu wako waliosema juzi kwamba ni mashine iliyomuua. Waliokatwa kwa patasi walivimba zaidi siku ya tatu, na vidole vyao viliingia kwa shida. Waliokatwa kwa mashine walivimba kidogo, lakini katika wale tisa wa kwanza, wanne walirudi siku ya nne wakiwa na kidonda kikavu na maumivu ya kupanda hadi sikioni, na Baba alikaa na jambo hilo wiki mbili kabla ya kuelewa kwamba mashine ilikuwa ikiunguza mfupa, ndipo akampa Owino bomba la sindano lililojaa maji safi ya chumvi na kumwamuru asiyaache yakatike hata kwa pumzi moja. Baada ya hapo, katika ishirini waliofuata, alirudi mmoja tu. Aligundua pia kwamba waliofungwa ufizi kwa nyuzi ukabanwa kabisa walivimba kuliko wale walioachiwa upenyo mdogo wa damu na maji kutokea. Nilipokuwa mwanafunzi Nairobi nilimletea jarida la madaktari lililosema mambo karibu hayo hayo, akalisoma, akalikunja, akasema ni vizuri wamefika.

Lakini jambo lililompa shida si patasi wala mashine, ni siku. Kampuni ilimpa mtu aliyetolewa gego siku mbili za kukaa nyumbani, na Septemba 1993 mama mmoja mchuma majani, Nyambeki, ambaye amenipa ruhusa nimtaje na ambaye amekaa pale chini ya turubai, alirudi shambani siku ya tatu akiwa na kidole kimoja na nusu, akachuma kwenye mvua, akaanguka kati ya mistari ya chai, na alilazwa siku kumi na tisa. Baba alichukua daftari, akaenda nalo kwa meneja, akakataliwa, akaenda tena mwezi uliofuata, akakataliwa, akatishiwa kuhamishwa, akaenda mara ya tatu akiwa amefuatana na Nyambeki mwenyewe na kovu lake. Aprili 1994 kampuni iliandika barua kwamba aliyekatwa mfupa wa taya apumzike siku saba. Barua hiyo aliibandika ukutani zahanati, na huo ndio ushindi pekee niliowahi kumwona akijivunia.

Alistaafu tarehe 31 Machi 1996, akarudi nyumbani kwenye chai yake, ng'ombe wake wanne, na uzee wa kanisa. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza kazi katika hospitali moja ya wilaya, na aliponitembelea alilileta lile daftari, akanionyesha ukurasa wa mwisho ulivyobaki na mstari mmoja mtupu, akasema hapendi kuacha ukurasa haujajaa.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa. Marehemu alikuwa na gego la mwisho la chini upande wa kulia, lililolala ubavu, na lilimsumbua tangu mwaka wa 1989, jambo ambalo Owino alilijua kwa kumwona akitafunia upande mmoja, na sisi wa nyumbani hatukulijua. Oktoba mwaka huu lilitoa usaha, na Mama ndiye aliyenitumia habari. Familia ilikuwa imekubaliana na wakwe zetu wa Longisa kwamba koito ya Chelangat, yaani siku ya wazee wa pande mbili kukaa na kupatana juu ya ndoa, ingekuwa Jumamosi tarehe 8 Novemba, na Baba hakutaka kukaa mbele ya wakwe akiwa na harufu ya usaha mdomoni. Alikuja kwangu Jumatano tarehe 5 Novemba, akiwa na Owino.

Nilimwomba akatwe na daktari mwenzangu, akakataa, akauliza, ameusomesha mkono huu ili afe bila kujua kazi yake ilikuwa ya nini? Nilimwomba basi koito iahirishwe, kwa kuwa ilikuwa siku ya tatu na yeye mwenyewe ndiye aliyepigania siku saba, akanijibu, "Hiyo siku saba ni ya watu ya kampuni. Mimi nimeshastaafu." Nilicheka, naye akacheka, na tukaendelea. Kuhusu damu ya baba kumwagwa na mtoto, wenye kulisema hilo wajue kwamba Kogo alikuwa amenitemea mate ya baraka kwenye viganja hivi viwili asubuhi ya Jumapili iliyotangulia, akijua ninakwenda kufanya nini, na kama kuna aliye na mamlaka juu ya damu ya Isaiah kuliko mama yake, asimame baada ya maombi anieleze.

Kazi ilichukua dakika arobaini. Nilipasua ufizi, nikakata mfupa kwa mashine, Owino akashika maji na hayakukatika, nikaligawa jino vipande viwili, likatoka, nikasafisha, nikashona na kuacha upenyo mdogo, nikampa dawa ya kuua vijidudu na ya uvimbe, na yote hayo nilifanya kama daftari lake lilivyofundisha. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikitafuta mahali mkono ulipoteleza, na sijapaona. Nasema hivi mbele ya Mungu na mbele ya jeneza, siku ya kwanza sikukosa.

Nilikosa siku ya tatu. Jumamosi ya koito nilifika hapa saa nne asubuhi, wageni walikuwa wamekwisha kukaa, na Baba alikuwa kwenye kiti chake na kofia na skafu nzito shingoni, baridi ilikuwa kali na kila mtu alikuwa amejifunika, kwa hivyo sikushangaa. Alikuwa ameuelekeza upande wa kushoto wa uso kwa wakwe. Kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kilikuwa mkononi mwake, na kwa muda wote niliomtazama hakikupanda mdomoni. Niliyaona hayo, mimi daktari, niliyefunzwa na yeye, na nilijua la kufanya, ni maneno machache tu, fungua, weka vidole. Lakini ningemwambiaje baba yangu afungue mdomo mbele ya wakwe, siku ambayo yeye ndiye kichwa cha nyumba, aingize vidole kinywani kama mgonjwa wa kambini? Nilijua ningemwaibisha. Kwa hivyo niliinama nikimsalimu, na kwa sauti ya chini nikamwuliza lile swali ambalo yeye hakumwuliza mwanamume yeyote kwa miaka sita, nikasema, "Baba, unaumwa?" Akasema, "Niko sawa. Pelekea wageni chai." Nami nikapeleka chai.

Jioni hiyo nilirudi kazini kabla barabara haijaharibika. Jumapili hakwenda kanisani, na Mama akadhani ni uchovu wa wageni. Jumatatu tarehe 10 Weldon alinifuata hospitalini, nikafika hapa saa saba mchana, na nikamwambia Baba mbele ya kila mtu afungue mdomo, lakini sasa hakikuingia hata kidole kimoja. Shingo ilikuwa imevimba na kuwa ngumu chini ya taya, na dawa alizokuwa amebakiza zilikuwa kwenye sahani, hazikuwa na njia ya kupita. Kogo alijaribu kumpa maji kwa kijiko, yakamwagikia kifuani, akaonyesha pengo lake mwenyewe, akasema kwa Kikipsigis kwamba angekuwa yeye tungemnyweshea hapo. Nilimdunga sindano, tukapata lori la kiwanda, lakini daraja lilikuwa chini ya maji na tulizunguka saa nne, Baba akiwa ameketi wima kwa sababu akilala pumzi ilikatika, amenishika mkono, huu wa kulia. Tulifika hospitali ya Kapkatet jioni, madaktari wakampasua shingo apate hewa, wakapigana naye usiku kucha na asubuhi yote, na Jumanne tarehe 11 Novemba 1997, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi minane na siku nane.

Wazee wangu, kama ningekubali kusoma ile historia fupi ningekuwa nimeishia hapo. Lakini juzi Alhamisi, Mama alipokuwa akitafuta kitambulisho cha marehemu, alilipata daftari la buluu chini ya Biblia yake, na ule mstari mtupu wa mwisho haukuwa mtupu tena. Umeandikwa kwa mkono wake, na nausoma jinsi ulivyo. Namba sitini na nane, Isaiah arap Tonui, tarehe 5 Novemba 1997, mashine, maji hayakukatika. Siku ya tatu, tarehe 8 Novemba, saa moja asubuhi, uzi umeongezeka mafundo matano, kidole kimoja. Na kwenye safu ya maumivu, ambayo aliwaachia tupu wanaume wote, ameandika neno moja, "Mengi."

Saa moja asubuhi. Saa tatu kabla sijamwuliza, na kanuni ya kidole kimoja aliitunga yeye mwenyewe. Nimemkasirikia, Baba Mdogo, nikiri hapa, nimemkasirikia siku mbili hizi hadi nikashindwa kulia, kwamba aliweza kuliambia daftari na asiniambie mimi niliyekuwa nimeinama sikioni pake. Kisha nimekumbuka kwamba ni yule mtoto wa miaka kumi aliyeitwa mwoga kwa miaka mitano, na kwamba sisi sote, mimi nikiwemo, tulikicheka kisa cha boriti na chai. Chelangat, usibebe mzigo huu, nanyi wakwe zetu msiubebe, siku yenu haikumuua. Alikosa yeye kwa kunyamaza, nami nilikosa kwa kuheshimu mahali ambapo ilinipasa kuamuru, na makosa hayo mawili yalifundishwa katika boma moja.

Kwa hivyo nina neno moja kwa wagonjwa wangu na kwa wale ambao watakuwa wagonjwa wangu, kama mtakuwepo. Siku ya tatu nitakuja nyumbani kwako. Uwe mzee wa kanisa, uwe mkwe, uwe na wageni ukumbini, sitakuuliza kama unaumwa, nitakuambia fungua, mbele ya yeyote aliyeketi, na ukitaka kunichukia utanichukia ukiwa hai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kapkatet ambao hawakuketi tangu Jumatatu jioni, inamshukuru dereva wa lori la kiwanda ambaye hakuzima injini wala kuuliza malipo, majirani mliochuma chai yetu wiki hii ili isiharibike shambani, wachungaji na akina mama wa kanisa waliolala na Mama, wafanyakazi wenzake wa zahanati, na kwa namna ya pekee Owino Ogada, aliyeshika mataya ya wengine kwa miaka kumi na saba na leo amekubali kushika pembe moja ya jeneza. Tunamshukuru pia Baba Mdogo Kipyegon, kwa kunivumilia hadi ukurasa huu.

Baba, safu ya siku ya saba nimeiacha tupu, kwa sababu hukuifikia, na ya siku ya kurudi kazini nimepiga mstari. Uliwapigania watu wa kampuni wapewe siku za kukaa nyumbani, wewe ukajinyima hata siku tatu. Wageni wameshakunywa chai, wakwe wamekubali, majani yamefika kiwandani, hakuna anayekungoja. Sasa ni zamu yako, pumzika kwa amani.